Aliye Mbele Hutaja Njia

Jumatatu, 8 Januari

Mwanangu mpenzi,

Kabla hata sijakuuliza hali, niambie mguu wa mama mkwe wako umelazwa juu ya nini. Usiuache chini, mwanangu. Weka mto, na mto usipotosha kunja blanketi. Nilitaka kumwambia mumeo alipokuwa anampakia garini, lakini unanijua mimi mbele ya mkwe, ulimi unaganda kama mafuta ya baridi.

Na nyinyi mnalala wapi? Sebule yenu ile mtu akinyoosha miguu anagonga mlango. Unakula kabla ya kutoka kwenda kuoka hiyo mikate ya watu, au unaonja unga tu ukidhani umekula?

Mumeo ameniambia unauliza wanawake wazima tulikuwa tunatafuta nini mashambani na jua lile. Si unaijua siku yetu. Tangu mimi na mama mkwe wako, Kamanda wangu, tukifua mashuka kwenye nyumba ya wageni, kila kiangazi wenye nyumba walifunga siku moja waoshe matangi ya maji, na sisi wafuaji tukapewa ruhusa. Wenzetu walilala. Sisi tulitembea. Sasa tumestaafu, matangi wanaosha wengine, na sisi bado tunatembea.

Tulitoka jua halijachomoza. Mimi na chupa ya maji na mayai ya kuchemsha, yeye na ile kofia yake pana kama sinia, mgongo umenyooka kama anakagua gwaride. Hilo jina la Kamanda hakupewa bure. Tukapita kiwanda cha matofali, tukashika njia ya mashamba ya alizeti mpaka bwawani. Alizeti mwaka huu, mwanangu, zimesimama kama watu kwenye mkutano wanaomsubiri mgeni rasmi. Tukaloweka miguu, tukacheka mpaka mchunga mbuzi mmoja akatuuliza kama tumelewa. Kamanda akamjibu, "Tumelewa jua, na wewe usipovaa kofia utalewa sasa hivi."

Basi wakati wa kurudi, jua limeinama lakini bado linauma, akaanguka kwenye mtaro. Wanachimba njia ya mabomba pale. Miguu yake imelegea siku hizi, hata mumeo nilimwambia hivyo mlangoni pa zahanati. Ni umri. Alijikwaa tu, hakuna zaidi. Usiniulize mengi maana nikikumbuka moyo unanienda mbio.

Nimekutumia kifurushi kwa posta. Soksi za pamba, sabuni, na ile taulo nzito. Najua una soksi. Vaa hizi.

Mama yako


Jumatatu, 15 Januari

Mama,

Mguu uko juu ya mito miwili na koti la mume wangu. Gipsi imepanda mpaka gotini. Mkono wa kushoto umeteguka tu, umefungwa bandeji. Tumempa kitanda chetu, sisi tunalala sebuleni, na kweli tunagonga mlango.

Nikitoka alfajiri namwacha ameamka. Nikirudi namkuta vilevile, ameugeukia ukuta. Juzi nilimkuta ameyatoa mashuka yangu yote kabatini na kuyakunja upya kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Mama, pumzika." Akasema, "Nitapumzika siku utakayojifunza kukunja pembe."

Sasa kaa chini kwanza. Mume wangu ameamua mama yake harudi tena huko. Anasema kama miguu imelegea kiasi cha kuanguka mchana kweupe, hawezi kumwacha aishi peke yake ghorofa ya pili, na ngazi zile. Chumba chake atakikabidhi kwa mwenye nyumba mwisho wa Februari. Nilijaribu kusema tusiharakishe. Akaniambia, "Mama yako mwenyewe, anayeshinda naye kila siku, ndiye aliyeniambia."

Mama mkwe aliposikia hakulia wala hakugomba. Aliomba maji, nikampa, akakaa ameshika gilasi mpaka maji yakapata joto. Neno lake ni moja tu kila siku, anakuulizia wewe: "Redio ameandika?" Nikimwambia kwamba hujaandika, anageukia ukuta.

Mama, ulikuwa wapi alipoanguka? Nikimuuliza yeye anasema, "Muulize Redio."

Kifurushi kimefika, asante. Ila zile soksi za kijani ni za nani? Zinanifika mapajani.

Mwanao


Jumamosi, 20 Januari

Kamanda, mwenzangu,

Hii nimeifunga ndani ya bahasha yake peke yake, na binti yangu nimemwambia akupe bila kuifungua. Isome ukiwa peke yako. Nitayasema haya mara moja, maana sina ujasiri wa mara mbili.

Siku yangu ya kwanza kazini ulinibebesha rundo la mashuka likanifika juu ya pua. Nikasema, sasa nitaonaje? Ukasema, "Huoni. Mimi ndiye ninayeona." Ukatangulia ukitaja: ngazi, mlango, maji sakafuni. Kesho yake ukabeba wewe, nikataja mimi. Ukaniambia sheria ni moja tu, aliye mbele hutaja njia, akinyamaza ujue njia ni safi, tembea. Tumetembea hivyo mpaka tukazoea, hata bila mashuka, hata sokoni. Watu wakatucheka. Wewe ndiye uliyeniita Redio kwa sababu sinyamazi.

Siku ile nilinyamaza.

Unakumbuka ulichoniambia bwawani? Ulikuwa unamenya yai, ukasema, "Redio, mwanao hana haja na vifurushi vyako. Mwenye haja ni wewe. Unamtumia soksi ili asisahau kuwa ana mama." Ulisema huku unacheka, na mimi nikacheka. Lakini lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mwanangu hajaja tangu mwaka juzi, na mimi kila nikisikia gari linasimama mtaani nachungulia. Ulikuwa unajua. Ndiyo maana likauma.

Basi wakati wa kurudi nikatangulia, nimenuna. Wewe nyuma unaniita, "Redio, vipi, betri zimeisha?" Sikukujibu.

Mtaro niliuona, Kamanda. Niliuona kutoka mbali, nikauruka. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza. Nikasema moyoni, na aone mwenyewe, si anajua kila kitu. Halafu nikasikia kishindo, na kofia yako ikanipita inabingirika kama gurudumu.

Kisha mwanao akaja zahanati, macho mekundu, na kabla hajaniuliza lolote nikamwambia miguu yako imelegea. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kukaa na wewe. Nikaipokea ile shukrani. Nilikuwa namlinda nani? Si wewe.

Sasa kwa ajili ya neno langu anataka kukunyang'anya chumba. Jana nimepita mlangoni kwako nikamwagilia yale maua yako ya kopo, nikaona aibu hata mbele ya maua.

Sisemi nisamehe. Nasema niambie nifanye nini.

Redio


Jumatatu, 29 Januari

Redio,

Barua yako nimeisoma kwa siku kadhaa, kipande kwa kipande. Unaandika herufi kama siafu. Mara nyingine andika kubwa, kwa kalamu nene.

Kwamba ulikuwa umenuna nilijua. Ukinuna hata kisogo chako kinanuna. Kwamba mtaro uliuona, hilo sikulijua. Limeniuma kuliko mfupa.

Sasa nisikilize. Binti yako ni mwema, ananisugua mgongo, ananiita mama kwa moyo. Lakini wakishatoka wote wawili hapa hakuna hata mtu wa kugombana naye. Mimi ni mgeni kwenye kitanda cha watu. Kwangu ni kule, juu ya ngazi zangu.

Kama unataka kufanya kitu, mwandikie mwanangu. Mwambie yote kama ulivyoniambia mimi. Akijua kosa lilikuwa la mdomo wako na si la miguu yangu, hatakuwa na sababu ya kunishika hapa. Najua unamwogopa mkwe. Mwogope hivyohivyo, uandike.

Mengine tutasemana nikirudi.

Kamanda


Ijumaa, 2 Februari

Mkwe wangu,

Nakusalimu kwa heshima. Barua hii si ya salamu, na nitakayoyaandika ingekuwa uso kwa uso nisingeweza.

Nilikudanganya pale zahanati. Miguu ya mama yako haijalegea. Anatembea kuliko mimi. Siku ile tulikwaruzana kwa jambo dogo, jambo la wanawake wawili wanaojuana mno, nikatangulia bila kumtajia njia kama desturi yetu. Sisi aliye mbele hutaja kilichoko njiani. Akinyamaza, wa nyuma anajua hakuna kitu. Mimi mtaro niliuona, nikanyamaza kwa hasira. Mama yako aliuingia kwa sababu aliniamini.

Nilikuambia vile ili usiniangalie kwa jicho baya. Wewe ni mume wa mwanangu wa pekee, na tangu umuoe hujawahi kuniinulia sauti. Niliogopa kupoteza hilo. Sasa nimeona kwamba kwa kulilinda hilo nimemfukuzisha mama yako nyumbani kwake.

Nakuomba chumba chake usikikabidhi. Hasira yako iwe kwangu. Na kama kwa sababu hii hutataka mwanangu aje kwangu, nitanyamaza, ila naomba hilo uniambie wewe mwenyewe, nisilisikie kwa wengine.

Mama mkwe wako


Jumatatu, 12 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kazini, chini kabisa kwenye shimo la lifti, kwa sababu sikutaka mtu anione uso. Sitakuficha, nilikasirika. Nilikushika mikono nikakushukuru, na wewe ukaniacha nishukuru.

Lakini sikukuandikia siku hiyo. Mimi ni fundi lifti. Kazi yangu ni kujua kwa nini kitu kimeshuka vibaya, na mwalimu wangu wa ufundi alinifundisha kwamba ukipata sababu moja usifunge kifuniko, tafuta ya pili. Kwa hiyo jana nilipanda gari asubuhi nikaja huko mpaka kwenye mtaro. Nisamehe sikupita kwako. Sikuwa tayari.

Mtaro ni mpana, Mama. Udongo umerundikwa pembeni unafika gotini, mwekundu, kwenye njia nyeupe. Mtu anauona kutoka kwenye alizeti. Ulipaswa kumtajia, ndiyo. Lakini mtu mwenye macho mazima hahitaji kutajiwa kitu kama kile. Yeye aliuingia kama anaingia chumbani kwake.

Nimemuuliza kama anaona vizuri. Kanijibu anaona mpaka dhambi zangu. Nikamwambia twende tukapime. Kasema gipsi kwanza. Mke wangu naye hajui, maana mama anakaa tu.

Wewe unashinda naye. Chumba sijakikabidhi. Ukiniambia macho yake ni mazima, gipsi ikitolewa nitamrudisha mimi mwenyewe na sitauliza tena. Umeniandikia ukweli mara moja bila kulazimishwa, kwa hiyo nitafuata utakachosema.

Kuhusu mke wangu kuja kwako: hilo usilifikirie. Atakuja.

Mkweo


Alhamisi, 15 Februari

Kamanda,

NAANDIKA KUBWA. Sasa najua kwa nini ulitaka kubwa.

Mwanao ameniuliza macho yako yakoje. Nilichukua kalamu nimjibu kwamba anaona, anaona kuliko mimi, na kalamu ikasimama. Maana nilianza kukumbuka.

Koti la fundi bomba lilikuwa limetundikwa mlangoni kwangu, ukaingia ukaliamkia. Tulicheka siku nzima. Nikadhani ni mzaha.

Sokoni unanishika mkono wa gauni. Nikadhani ni mapenzi.

Sindano unanipa mimi nitie uzi, unasema mikono yako ina kazi. Nikadhani ni ukamanda.

Na siku ile bwawani uliniuliza, "Redio, maji yana rangi gani leo?" Nikakujibu, "Rangi ya maji." Nikacheka mwenyewe.

Niambie kweli. Huoni?

Redio


Jumatano, 21 Februari

Redio,

Jicho la kushoto lilizima mwaka juzi, taratibu, kama taa ya mafuta. La kulia linaona katikati tu. Ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikikuangalia uso nauona, lakini miguu yangu mwenyewe siioni mpaka niitafute. Barua yako naipata neno kwa neno.

Sikukuambia kwa sababu ungelia, halafu ungenibebea ndoo, halafu ungemwandikia mwanao, na mwanao angemwambia wangu. Nakujua. Na sikuona haja. Wewe ukiwa mbele yangu unapiga kelele zako, jiwe, tope, ng'ombe, mimi sikuwa kipofu. Miaka miwili nimetembea na macho yako na wewe hukujua unayatumia kwa watu wawili. Mwaka huu nilitaka nione zile alizeti kabla tundu halijaziba. Niliziona. Moja moja, lakini niliziona. Na jibu lako la maji lilikuwa zuri, usianze kulililia.

Sasa hili ndilo ninalokuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu tujuane. Mwambie naona. Neno moja tu. Mwanangu anakuamini sasa kuliko anavyoniamini mimi. Nikirudi kwangu kila ngazi naijua kwa mguu, najua bomba, najua mlango wako. Hapa sijui kitu. Hapa nikisimama nashika ukuta na binti yako anakimbia kunishika kama mtoto mchanga.

Ulinyamaza mara moja ukanivunja. Nyamaza mara moja unitengeneze. Tutakuwa hatudaiani.

Kamanda


Jumamosi, 24 Februari

Mkwe wangu,

Nimeandika kwanza barua nyingine. Ilisema anaona vizuri, mlete. Nimekwenda nayo mpaka posta, nikasimama kwenye foleni, zamu yangu ikafika, nikamwambia yule karani nimesahau kitu nyumbani. Nimerudi nayo nikaichana.

Haoni. Jicho moja limekwisha, jingine limebaki kidogo katikati. Nilikuwa naye kila siku na sikulijua hilo, wala sitafuti kisingizio. Mpeleke hospitali upesi, hata kama anakataa, hata kama atakuita majina.

Ameniomba nikufiche. Kwa hiyo unaposoma hii ujue nimemuuza rafiki yangu. Nilitaka kumfichia, Mungu anajua. Deni langu kwake ni kubwa kiasi kwamba angeniomba hata nyumba ningempa. Lakini kila nikifumba macho namwona anashuka zile ngazi na maji ya moto mkononi, na mimi niko kwangu, nimenyamaza.

Nina ombi. Usimgeuze mgonjwa. Macho ndiyo yameondoka, akili haijaondoka, na ulimi ndio kabisa. Na kama huwezi kumrudisha peke yake, mlete akae na mimi. Usimshurutishe. Muulize, usubiri jibu hata likichelewa.

Yeye nimemwandikia leoleo, kwa herufi kubwa, maneno manne tu. Kamanda, nimemwambia mwanao. Redio.

Mama mkwe wako


Jumatano, 6 Machi

Mama,

Tumempeleka. Ni presha ya macho. Daktari anasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni. Akasema pia, angeletwa mapema, hata la kushoto lingeokolewa. Hilo nilitaka kukuficha, lakini naona katika familia hii kuficha kumetosha.

Gipsi imetolewa. Anatembea, anachechemea kidogo.

Barua yako ya maneno manne aliisoma, akaikunja pembe kwa pembe kama shuka, akaiweka chini ya godoro. Tangu hapo hataki jina lako. Nikisema Mama anakusalimu, ananiuliza, "Mama yupi?" Mume wangu naye amesusiwa. Mimi peke yangu ndiye ninayesemeshwa, na ninasemeshwa kuhusu mashuka.

Mume wangu anakubali akae na wewe. Kwenye chumba cha peke yake hawezi kumrudisha, anasema hata usingizi hatapata. Tumemuuliza mama mkwe mwenyewe. Tunasubiri jibu kama ulivyosema.

Jana nikimtia matone aliniambia mligombania nini bwawani. Mama, nilicheka sana kuhusu soksi, halafu nikaacha kucheka. Sijaja tangu mwaka juzi. Kila mara nilikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa mikate. Yeye akiamua kuja, nitamleta pamoja na mume wangu. Asipoamua, nitakuja peke yangu.

Mwanao


Jumapili, 10 Machi

Kamanda,

SIJUI KAMA UTAISOMA HII. NAANDIKA KUBWA KWA VYOVYOTE.

Nimemwambia mwenye nyumba wetu nakiacha chumba changu cha juu, anipe kile kikubwa cha chini, alichokuwa anakitumia fundi viti. Tangu jana nakisugua. Gundi imekataa kutoka sakafuni, nimeikwangua kwa kisu mpaka kucha zimeisha. Hakina ngazi hata moja. Kizingiti kilikuwepo, nimemwita seremala akakichonga kikawa bapa. Madirisha ni mawili. La mashariki ni lako, asubuhi mwanga unaingia mpaka ukutani.

Nakuambia haya si kukuvuta. Nakuambia ujue kipo.

Nimekaa nikahesabu mambo yangu kwako. Mguu nilikuharibia kwa kunyamaza. Siri nikakuharibia kwa kusema. Macho yako yalikuwa yanazima ubavuni pangu na mimi nacheka na koti. Usiku nageuka kutoka upande huu wa shauri kwenda ule. Ungerudi kwako ukaungua, nisingejisamehe. Umekaa huko ukauangalia ukuta, pia sijisamehe. Basi nimeacha kutafuta upande ambao nitalala vizuri.

Ulisema nikinyamaza tutakuwa hatudaiani. Mimi naona bora tudaiane, lakini uwe mzima.

Kama utakuja, njoo na hasira yako yote. Chumba ni kikubwa, itapata pa kukaa. Ukitaka tusisemezane, hatutasemezana. Hilo kwangu litakuwa gumu kuliko kwako, na ninastahili.

Kama hutakuja, chumba kitakaa hivyohivyo. Sitakipangisha.

Redio


Jumatatu, 18 Machi

Redio,

Ninakuja Jumamosi. Wananileta wote wawili, kwa hiyo pika cha kutosha.

Sijakusamehe. Nikikusamehe utajua, hutahitaji kuuliza, na ukiuliza nitachelewa zaidi.

Vyombo usivipange. Sahani, sufuria, vikombe, chumvi, viberiti, vyote viache kwenye maboksi katikati ya chumba. Nitavipanga mwenyewe, kwa mkono wangu, nijue kila kimoja kilipo. Na nikishavipanga, ole wako nikikuta umehamisha hata kijiko.

Kamanda